Miwani ya uhalisia mseto kwenye mchoro wa kwanza: yaliyonikuta Riat

Ndugu, umeuliza kama kuna faida kumvisha mteja miwani ya uhalisia mseto, ile inayoonyesha nyumba ya kompyuta juu ya mazingira halisi, wakati mchoro bado mbichi, au usubiri ramani ikamilike. Usisubiri. Faida yake kubwa iko hapo mwanzoni.

Mimi nachora nyumba hapa Kisumu. Mwaka jana nilikuwa na mteja, mama mstaafu mwenye kiwanja Riat, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Ramani ya 1:100 alishaipitia mara mbili na kuikubali. Tulipofika kiwanjani nikamvisha Quest 3, miwani ya aina hiyo ya kampuni ya Meta, nikamsimamishia nyumba ya maboksi ya kijivu kwa ukubwa wake halisi. Akatembea taratibu hadi jikoni, akasimama mbele ya sinki lisilokuwepo, akanyoosha mkono kama anayefungua dirisha. Kisha akageuka: "Mwanangu, nikiwa hapa lango silioni. Mgeni ataingia mimi nisijue?" Aliposhuka upande wa ziwa akakuta sakafu iko usawa wa kiuno chake. "Na ngazi hizi zote nitazipanda na magoti haya?"

Ngazi hizo zilikuwa kwenye karatasi tangu siku ya kwanza: mistari saba myembamba. Nani asiye wa kazi hii angeisoma kuwa ni magoti yake? Jioni ile nikahamisha jiko na kuishusha sebule ifuate mteremko. Saa mbili za kuchora kwenye programu ya SketchUp. Msingi ungekuwa umeshamwagwa, ingekuwa nyundo na machozi.

Bakia na kijivu. Mteja mwingine nilimwonyesha nyumba yenye vigae na rangi, tukamaliza nusu saa tukizungumzia vigae. Chumba chembamba kupita kiasi hakuna aliyekigusia.

Sasa jua letu. Miwani ya kioo angavu kama HoloLens, picha yake hufifia mchana, na Microsoft waliacha kutengeneza HoloLens 2 mwaka 2024, kwa hiyo ukiuziwa ya mitumba fikiria mara mbili. Quest huonyesha mazingira kupitia kamera, picha inastahimili zaidi, ila jua likipenya kwenye lenzi zake za ndani, zile za machoni, huunguza skrini. Usiiache hata dakika moja lenzi zikitazama juu. Mimi huenda saa kumi na moja jioni.

Nyasi zifyekwe kwanza. Upepo wa ziwa ukizitikisa, miwani hupoteza alama inazozitumia kujua ilipo, na nyumba huhama. Yangu iliwahi kuhama karibu nusu mita, fundi akiwa tayari na vigingi mkononi, akitaka kuufuata ukuta niliokuwa nikimwelekeza. Nilimzuia kwa kelele. Vipimo vya msingi ni vya bikoni (alama za mipaka ya kiwanja), futikamba na kamba, si vya miwani. Siku hizi napigilia vigingi vinne vya kona kabla mteja hajafika, nikiwa nimevipima kutoka kwenye bikoni. Kona ya picha ikiachana na kigingi chake, namvua mteja miwani, naipanga nyumba upya.