Kama hakuna hukumu, kiti cha hukumu ni cha nini?

SWALI: Mchungaji, Warumi 8:1 yasema hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu, ilhali 2 Wakorintho 5:10 yasema sisi sote tutadhihirishwa mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo. Andiko la kwanza hunituliza, la pili hunitia hofu. Mimi niliyeokoka, lipi linanihusu?

JIBU: Yote mawili yanakuhusu, ndugu msomaji, wala hayapingani. Katika Warumi Paulo anatumia neno la Kigiriki katakrima, yaani kutiwa hatiani pamoja na adhabu inayofuata. Ndiyo maana Biblia ya Union haikuishia kwenye “hukumu” bali imeandika “hukumu ya adhabu”. Katika Wakorintho neno ni bema, jukwaa alipoketi liwali, yaani gavana wa Kirumi, kusikiliza mashtaka. Aliye katika Kristo hatatiwa hatiani, lakini atasimama pale, na maisha yake yatafunuliwa.

Wakorintho walilijua jukwaa hilo kwa macho, na magofu yake yapo hadi leo. Mnamo mwaka 51 hivi Paulo alishtakiwa hapo mbele ya Galio, liwali wa Akaya, jimbo lenye mji wa Korintho (Matendo 18:12-17), na kabla hajafumbua kinywa liwali akaitupa kesi. Mahubiri mengi huishia hapo, na naona ni hasara, kwa sababu kinachofuata ni kwamba watu walimkamata Sosthene, mkuu wa sinagogi, wakampiga mbele ya kiti kile kile, naye Galio hakujali. Mtu anapigwa miguuni pa hakimu, na hakimu anatazama pembeni!

Kristo hatazami pembeni, na juu ya kiti chake hakuna mahakama ya rufaa wala Kaisari wa kutengua neno lake. Kwa aliyedhulumiwa akakosa wa kumsikiliza, mamlaka hiyo ya Kristo ni faraja kubwa. Lakini jicho linalomwona aliyenipiga linaniona na mimi nilipompiga mwenzangu, na hapo ndipo wengi wetu tunapojisahau. Nabii Amosi aliwaambia Waisraeli walioitamani siku ya Bwana, siku ya Mungu kuhukumu, kwamba kwao itakuwa giza, wala si nuru (5:18). Naye Petro anasema hukumu huanza katika nyumba ya Mungu (1 Petro 4:17).

Inaanzaje? Huko huko Korintho, waumini wenye chakula walikula na kulewa kwenye meza ya Bwana huku maskini wakikaa na njaa, na Paulo anawaambia kwamba ndiyo sababu wengi wao ni wagonjwa na wengine wamelala, yaani wamekufa. Kisha anaongeza: “tuhukumiwapo, twarudiwa na Bwana, isije ikatupasa adhabu pamoja na dunia” (1 Wakorintho 11:32). Kurudiwa hapa ni kule kwa mzazi kumrudi mwanawe: kunauma, lakini shabaha yake ni kumwepusha mtoto na adhabu.

Kwa hiyo hofu yako ikikutuma ukapatane na uliyemkosea, itii. Ikikwambia kwamba Kristo atakutupa, isomee Warumi 8:34, mahali ambapo yeye atakayeketi kwenye kiti kile ndiye aliyekufa, na ndiye anayekuombea sasa.