Kabla hujaisifu laktoferini, tazama rangi yake

Wewe unayeanza kuotesha seli za mishipa ya damu, sikiliza kosa lililonipotezea miezi mitatu.

Nilikuwa napima kama laktoferini, protini ya maziwa inayoshika chuma, inaharakisha seli za endotheli, zile zinazotanda ndani ya mishipa ya damu, kugawanyika. Ikaharakisha kweli, nikashangilia. Nikafungua chupa mpya, matokeo yakageuka. Kumbe jibu lilikuwa mbele ya macho: ya kwanza ikiyeyuka ilikuwa na rangi ya waridi, ya pili kama maji tu. Uwaridi ule ndio chuma. Molekuli moja hubeba atomi 2, kwa hiyo nilikuwa nazilisha seli vitu viwili nikiviita kimoja.

Seli haiwezi kunakili DNA yake bila chuma. Protini isiyo na chuma nayo haikai bure, inakwapua chuma kilichomo kwenye midia, kimiminika cha kulishia seli. Chuma kikipungua, vimeng'enya vinavyosababisha HIF-1, protini inayoamka oksijeni ikipungua, ivunjwe vinalegea, maana navyo vinakitegemea. Seli inajidhani imekosa oksijeni, inaanza kutoa VEGF, kichocheo cha mishipa mipya. Basi usipime protini peke yake. Weka yenye chuma, isiyo na chuma, chumvi ya chuma pekee, na kisima (kitundu cha sahani ya kuoteshea) kimoja cha deferoksamini, dawa inayonyang'anya chuma. Utachoka na pipeti, najua.

Seramu ya ndama, ile tunayotia kwenye midia, ipunguze siku ya jaribio. Imejaa transferini, protini ya damu inayobeba chuma, nayo inaleta chuma chake.

Halafu kuna endotoksini, sumu ya kuta za bakteria, mchawi wa maabara nyingi. Laktoferini hunatana nayo vibaya, na seli za endotheli huitikia hata kiasi kidogo. Mimi huchemsha sehemu ya protini: umbo lake linaharibika, lakini endotoksini hustahimili joto hilo. Iliyochemshwa ikifanya kazi ileile, huenda ni endotoksini inayofanya kazi, usiandike ripoti bado.

Na usichanganye ya ng'ombe na ya binadamu. Ya ng'ombe imeonekana kuzuia mishipa mipya kwa panya, ya binadamu imeonekana kusaidia kazi ya VEGF. Anayekuambia "laktoferini ni laktoferini" mwulize chupa yake ilitoka wapi.

Seli za mshipa wa kitovu mimi siziamini baada ya kuzihamisha mara sita hivi. Zinapanuka na kuzembea. Zihesabu kwa darubini, usitegemee pekee kipimo cha rangi kinachokadiria idadi kwa umetaboli wa seli, kwani chuma hubadilisha hata umetaboli huo. Daftari langu sasa lina safu ya namba ya toleo la chupa, na pembeni yake: waridi, au si waridi.