Sindano za kuongeza chembe nyeupe: pima joto kwanza ndio utoe panado

Jamani mnaouguza mgonjwa wa kemo, yaani anayepewa dawa za kuua saratani, hii inawahusu. Mama yangu mdogo alipokuwa anatibiwa saratani ya titi hapa Dar aliandikiwa filgrastimu, zile sindano za tumboni za kuongeza chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, na mimi ndo nilikuwa namchoma nyumbani baada ya nesi kunielekeza.

Kemo inaua seli zinazozaliana haraka, sasa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, nao seli zake zinazaliana haraka kwahiyo unapigwa pia, chembe nyeupe zinashuka na mara nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo. Filgrastimu ni protini kama ile mwili wenyewe unatengeneza kuuamsha uboho, ila hii inazalishwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, na hospitali zimeanza kuitumia tangu 1991. Huwa inaanza angalau masaa 24 baada ya kemo kuisha, sio siku ileile, hata kama mgonjwa ana haraka.

Sasa kitu kinachowatesa wengi ni mifupa. Kiuno, mgongo, mapaja, mpaka mfupa wa kifua, mama mdogo kuna usiku alikuwa halali kabisa. Uboho uko kazini ndo maana unauma, na panado inasaidia kweli, lakini hapo hapo ndo kuna hatari, maana panado inashusha homa. Mgonjwa anakunywa kwa ajili ya mifupa kumbe kuna maambukizi yanaanza na joto halionekani. Kwahiyo nunua kipimajoto, pima KABLA ya kila dozi, andika. Ikifika nyuzi 38 usimpe panado ukamlaza, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni saa nane usiku, na ukifika mapokezi sema kwa sauti kwamba huyu yuko kwenye kemo ili asikae foleni. Usizunguke maduka ya dawa kutafuta antibayotiki. Na usitegemee kuona usaha wala kidonda kuvimba, usaha unatokana na hizohizo chembe nyeupe ambazo hana, homa inaweza kuwa dalili pekee utakayoipata. Diklofenaki na aspirini usimpe bila daktari kuruhusu, chembe sahani, zile za kugandisha damu, nazo zinaweza kuwa chini akavuja damu.

Kingine, FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ya siku za mwanzo inaweza kuonyesha namba ya chembe nyeupe imepanda vizuri, watu wanafurahi wanaacha sindano kwa sababu ni ghali. Naelewa kabisa, hela inauma, lakini ule mpando ni wa muda tu, bado zitashuka, aliyeandika dawa ndo aseme basi.

Kuhusu kutunza, friji nyuzi 2 mpaka 8, usiweke kwenye friza na isigusane na barafu ukiwa njiani, ifunge kwenye kitambaa kwanza. Usiitikise. Kabla ya kuchoma iache nje kidogo ubaridi upungue, inauma kidogo zaidi ikiwa ya baridi, halafu badilisha sehemu kila siku.

Na akilalamika maumivu juu ya tumbo upande wa kushoto au kwenye bega la kushoto, hiyo sio mifupa, inaweza kuwa bandama. Ni nadra ila mpeleke siku hiyohiyo.