Usimuulize Mgeni Handikapu Yake Kwanza

Nilikaa kwenye kamati ya uanachama ya klabu yetu ya gofu miaka sita. Katika muda huo niliinua mkono kumkataa mtu ambaye hadi leo sijaacha kumfikiria. Alikuwa mama mstaafu, amejifunza gofu miezi kumi na moja kwenye uwanja wa mazoezi, na mwalimu wake alituandikia barua nzuri ya kumdhamini. Kanuni yetu wakati huo ilitaka mwanachama mpya awe na handikapu isiyozidi 24 akiwa mwanamume, 36 akiwa mwanamke. Handikapu ni namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji; kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo alivyo hodari zaidi. Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, handikapu yako ni ngapi?" Akajibu kwa upole, "Bado sina, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja kwenu."

Tukatazamana. Wiki iliyofuata tukamwandikia barua ya kumtakia heri.

Jibu lake lilikuwa na akili kuliko kanuni yetu. Handikapu haiokotwi njiani. Ili uipate unapaswa kuwasilisha kadi za matokeo ya mashimo 54, yaani raundi tatu kamili au za mashimo tisatisa mpaka zitimie. Ukishafikisha raundi 20, mfumo unachagua nane bora na kuzipigia wastani. Kwa watu wengi duniani, mahali pa kupeleka kadi hizo ni klabu. Sasa sisi tulikuwa tumemfungia mama yule mlango, halafu tukamwambia ufunguo uko ndani. Uingereza waliliona tatizo hili, na tangu 2021 mchezaji asiye na klabu anaweza kupata handikapu yake kupitia mpango wa iGolf. Pengine pote ambapo hakuna njia kama hiyo, klabu inayodai namba kabla ya uanachama inadai kitu ambacho yenyewe ndiyo ingekitoa.

Ninaandika haya kwa ajili ya wale walio kwenye kamati kama niliyokaa mimi, na pia kwa wale wanaosita kuchukua fomu. Ushauri wangu ni mmoja: klabu isimpime mtu kwa mikwaju yake. Impime kwa namna anavyokaa uwanjani.

Najua hoja ya upande wa pili, kwa sababu niliitetea kwa sauti kubwa. Tulisema wanaoanza wanachelewesha watu. Hoja hiyo niliiamini mpaka siku moja nilipochukua saa na kukaa kwenye benchi karibu na shimo la nne.

Kundi la kwanza alikuwemo mchezaji wetu mahiri, handikapu 6. Alirusha majani hewani kupima upepo, akavaa glovu, akaivua, akauliza umbali, akabadilisha fimbo, akarudisha ile ya kwanza. Kwenye grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, alizunguka mpira wake pande zote nne, akachuchumaa, akainuka, akaondoka kidogo, akarudi. Mkwaju ule mmoja wa kusukuma mpira shimoni ulichukua dakika mbili na sekunde kumi. Nyuma yake walikuja watu wawili wanaojifunza. Mmoja alipiga, mpira ukaburuzika chini kama mita arobaini. Hakulalamika wala hakusimama kuutazama. Alichomoa fimbo tatu kwenye mfuko, akaufuata kwa hatua ndefu, akapiga tena. Walifunga shimo kwa mikwaju mingi, lakini walipoondoka kundi la nyuma yao lilikuwa bado halijafika.

Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu. Anayemaliza raundi kwa mikwaju 75 huku kila mkwaju ukimla dakika nzima anatumia dakika 75 kupiga mpira. Anayemaliza kwa mikwaju 100, sekunde thelathini kila mmoja, anatumia dakika 50. Sheria za gofu zilizorekebishwa 2019 zinashauri mkwaju usizidi sekunde 40, na muda wa kutafuta mpira uliopotea ukapunguzwa kutoka dakika tano hadi tatu. Hakuna mahali zinaposema mwenye handikapu ndogo ana haki ya dakika zaidi.

Sikatai kwamba anayejifunza hupoteza mipira mingi, na kuitafuta vichakani kunakula muda kuliko kupiga. Lakini dawa ya hilo ipo tangu zamani. Katika mtindo wa Stableford, uliochezwa rasmi kwenye klabu ya Wallasey huko Uingereza mwaka 1932, mchezaji anahesabu pointi kwa kila shimo. Akiona shimo limeshamshinda na hakuna pointi ya kupata, anaokota mpira wake na kusonga mbele. Mpe anayeanza mtindo huu, mpeleke aanzie kwenye alama za kuanzia za mbele, zilizo karibu na shimo, badala ya zile za nyuma kabisa, na nusu ya malalamiko ya kamati itaisha. Kinachosikitisha ni kwamba klabu nyingi zina alama hizo za mbele na hazimwambii mgeni azitumie. Wanamwacha apige kutoka nyuma, kisha wanashangaa mpira wake haufiki.

Kuna mwenzangu kwenye kamati, mtu ninayemheshimu sana, aliyenipinga kwa mfano wa Old Course ya St Andrews, Uskoti. Uwanja ule kwa miaka mingi ulidai cheti cha handikapu, 24 kwa wanaume na 36 kwa wanawake. "Kama wao wanaweka kikomo," aliniambia, "sisi ni nani?" Nilimjibu kwamba pale mlangoni anapimwa mgeni wa siku moja, na watu wanaoutaka uwanja ule ni wengi kuliko nafasi zilizopo. Mwanachama ni jambo jingine. Mwanachama utakaa naye miaka kumi, ishirini. Leo ana 54, na akipata mahali pa kucheza kila wiki, msimu ujao ana 38. Namba uliyomkatalia inakuwa imeshapitwa na wakati hata kabla wino wa barua haujakauka. Na hiyo 54 si aibu: Mfumo wa Handikapu wa Dunia, ulioanza 2020 chini ya R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia sheria za gofu, umeiweka kuwa kikomo cha juu kwa wanaume na wanawake kwa sababu unawataka watu hao uwanjani.

Mashindano ni habari tofauti, na hapo sina ubishi. Ukiandaa ubingwa wa klabu na nafasi ni chache, weka kikomo cha handikapu bila kuona haya.

Basi klabu ichuje vipi? Ujerumani kuna cheti kinachoitwa Platzreife, na Uswidi wana kadi yao ya kijani. Kote kuwili mgeni anajifunza sheria, usalama na adabu za uwanjani, na anaonyesha kwamba anaweza kuusogeza mpira. Tulichukua roho ya utaratibu huo. Siku hizi anayeomba uanachama kwetu anacheza mashimo tisa alasiri, uwanja ukiwa umepungua watu, pamoja na wajumbe wawili. Hatuandiki mikwaju yake kabisa. Tunaangalia anasimama wapi mwenzake anapopiga. Tunaangalia kama anapaza sauti haraka mpira wake unapoelekea kwa watu, kwa sababu mpira wa gofu unaweza kumtoa mtu jicho. Tunaangalia kama anashika reki akitoka kwenye shimo la mchanga, kama anainama kuziba kovu lililoachwa na mpira kwenye grini, kama mfuko wake anauweka upande wa kutokea ili asirudi nyuma kuufuata. Na tunasikiliza anavyomsemesha kedi, yule anayembebea mfuko wa fimbo. Hilo la mwisho halimo kwenye karatasi, lakini mimi nalipa uzito kuliko yote.

Anayeshindwa hatumkatai. Tunampa masomo matatu na mwalimu, anarudi. Tangu tuanze utaratibu huu, watu walionisumbua zaidi kwa ucheleweshaji na ukorofi ni wale waliokuwa wanachama kabla yake, wenye handikapu nzuri, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kuhusu reki.

Kwa wewe unayesita kuomba: usingoje uwe hodari. Jifunze kwanza mambo yasiyohitaji kipaji. Nenda na mipira ya kutosha, chukua fimbo mbili tatu unapoufuata mpira ili usirudi kwenye mfuko, punga fimbo mara moja tu kwa majaribio kisha upige, na ukiona kundi la nyuma linakusubiri, sogea pembeni uwapishe kwa moyo mweupe. Kabla ya kujaza fomu, waombe wakuonyeshe kanuni ya kuingia kwa maandishi. Ukikuta wanadai namba, waulize kwa heshima mtu asiye na klabu anaipata wapi. Swali hilo huwafikirisha, sisi lilitufikirisha. Na klabu ikikukataa kwa sababu ya mikwaju, tafuta nyingine. Usiuchukulie uamuzi wa watu watano mezani kuwa ndio hukumu ya mchezo wako.

Yule mama nilimpigia simu mwaka tuliobadilisha kanuni. Nilimwomba radhi na kumwambia mlango uko wazi. Alinishukuru kwa dhati, akaniuliza hali ya familia yangu, kisha akasema magoti hayamruhusu tena na fimbo ameshampa mjukuu wake. Nilitamani anigombeze, lakini hakunigombeza. Tulipokata simu nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu, nikihesabu misimu ambayo angekuwa amecheza.

Fomu yetu mpya bado ina swali la handikapu, ila tumelipeleka ukurasa wa pili, chini ya jina la mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura. Pembeni yake kuna kisanduku kidogo cha kuweka alama, kimeandikwa neno moja: "Bado."