Kuhamia Kanada na dhahabu: orodhesha kila kipande kabla ya kupanda ndege

Anayehamia Kanada kuishi kwa mara ya kwanza huingiza vito vyake bila ushuru wala kodi, ikiwa ni vyake, vimo mikononi mwake, na amekwisha kuvitumia kabla ya kufika.

Hilo la kuvitumia ndilo linalokwamisha wengi. Seti iliyonunuliwa Dubai wakati wa kubadilisha ndege, ingali kwenye kasha lake, ni yako lakini hujaivaa, kwa hiyo utatozwa ushuru na kodi. Mkufu wa shangazi uliopewa umfikishie binti yake si wako kabisa. Maharusi wana nafuu: waliooana ndani ya miezi 3 kabla ya kufika, au watakaooana ndani ya miezi 3 baada ya kufika, hawadaiwi sharti la kutumia kwa zawadi zao za harusi. Lakini ziwe zimekwisha kuwa mikononi mwao.

Sasa orodha. Andaa nakala mbili, thamani ikiwa kwa dola za Kanada, na uigawe mafungu mawili: unavyoingia navyo na vitakavyofuata. Fungu la pili lisisahauliwe hata kidogo. Bangili zilizobaki kwa mama Tanga lazima ziandikwe siku ile ile unapoingia mara ya kwanza, hata kama umebeba begi moja tu. Zikija baadaye bila kuwamo, msamaha umekwenda. Afisa wa forodha atajaza fomu BSF186 kwa kufuata orodha yako, ataipa namba na kukupa nakala. Hiyo ndiyo stakabadhi ya kudaia mizigo ikifika.

“Bangili 6 za dhahabu” hayatoshi kuwa maelezo. Andika karati, muhuri uliogongwa ndani (916 ni karati 22, 750 ni karati 18), uzito wa kila moja kwa gramu, nakshi, na aina ya jiwe kama lipo. Vito havina namba za utambulisho kama simu, ndiyo maana forodha hushauri utumie maneno ya hati ya bima au ya tathmini ya sonara, pamoja na picha zilizotiwa saini na tarehe na sonara huyo. Nenda kwake mapema, maana kupima na kupiga picha kipande kimoja kimoja huchukua muda. Safiri na vito kwenye begi la mkononi, hati zikiwa karibu.

Wengine hudhani vito vya chini ya dola 10,000 havitajwi. Kiwango hicho ni cha fedha taslimu na hati za fedha. Vito hutajwa vyote. Bangili ya pembe ya ndovu iache nyumbani: iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na kuwa urithi wa bibi hakuondoi haja ya vibali.

Ukiuza au kumgawia mtu kito ulichosamehewa kabla ya miezi 12 kupita, unapaswa kulipa ushuru na kodi papo hapo.

Na ile nakala ya BSF186 usiitupe mizigo ikishafika. Utakaporudi kutoka harusini Mombasa mikono imejaa bangili, afisa anaweza kuuliza umezinunua wapi. Mwoneshe nakala hiyo pamoja na picha za sonara.