Kwa mdogo wangu aliyewekewa chuma mkononi: habari ya Marquez mnaisimulia nusu

Kwanza pole sana mdogo wangu mleta uzi. Umesema umevunjika mfupa wa mkono wa juu, kulia, kati ya bega na kiwiko, umewekewa chuma, hesabu ya bosi inasubiri na unataka kurudi barabarani na boda wiki ijayo. Halafu wachangiaji hapo juu wanakwambia rudi tu, mbona Marc Marquez, yule dereva wa mbio za pikipiki, alivunjika mfupa huo huo akapanda pikipiki ndani ya wiki moja na mwaka 2025 kawa bingwa wa dunia. Wakuu nawaheshimu ila hapa mnampoteza kijana wa watu. Mimi MotoGP, daraja la juu kabisa la mbio za pikipiki duniani, naifuatilia tangu enzi bingwa Valentino Rossi yuko Yamaha, na mfupa huo huo nimevunja kwenye boda hapa Morogoro, chuma ninacho mpaka leo, kwa hiyo naomba nielezee kwa kirefu kidogo.

Marquez anatokea Cervera, mji mdogo Catalonia huko Hispania, kazaliwa 1993. Kaingia mashindano ya dunia 2008 na miaka 15, daraja la pikipiki ndogo za 125, bingwa 2010. Mwaka huo pale Estoril, Ureno, mbio zilisimamishwa kwa mvua, wakati wa kwenda kujipanga upya akaanguka, mafundi wakaitengeneza pikipiki mbio mbio, akaanzia nyuma huko na bado akashinda. Moto2, daraja la kati, akachukua 2012. 2013 akapanda MotoGP kukaa kwenye kiti cha bingwa Casey Stoner pale timu ya Honda, mbio yake ya pili tu, Austin, Marekani, akashinda, na mwisho wa mwaka akawa bingwa mdogo kuliko wote katika historia ya daraja hilo, miaka 20. 2014 akashinda mbio 10 za kwanza mfululizo. Kumi! Ubingwa akachukua mwaka huo, na tena 2016, 2017, 2018, 2019.

Kilichomtofautisha ni kuokoa pikipiki iliyokwisha kuanguka. Tairi la mbele linateleza kabisa, mtu yuko chini, kiwiko kinaburuzika kwenye lami, yeye anasukuma kwa kiwiko na goti, pikipiki inasimama anaendelea. Na alikuwa anafanya kusudi, anautafuta mwisho wa tairi siku za mazoezi ili Jumapili ajue uko wapi, ndio maana 2017 alianguka mara 27 kwa msimu mmoja na bado ubingwa akachukua. Hiyo mbinu inakula mkono, nitarudi hapo.

Wanaosema ni pikipiki tu inayombeba, angalieni 2019. Honda ile ile, yeye pointi 420, mwenzake wa timu Jorge Lorenzo, bingwa mara tatu wa MotoGP sio mtu wa kubahatisha, pointi 28. Sawa Lorenzo aliumia mgongo akakosa mbio kadhaa, lakini pengo hilo si la mgongo peke yake.

Sasa tuje Julai 2020, Jerez, Hispania. Anaongoza, anatoka nje ya njia, anarudi akiwa nyuma huko, anawapita mmoja mmoja mpaka nafasi ya tatu, imebaki mizunguko michache kabisa pikipiki ikamrusha, tairi likampiga mkono wa kulia, mfupa ukakatika. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumanne akafanyiwa upasuaji Barcelona akawekewa chuma. Jumamosi hiyo hiyo akapanda pikipiki mazoezini Jerez, akaona haiwezekani akajitoa. Hapo ndipo mnaposimamia nyie, mnasema mwanaume yule. Endeleeni basi kusimulia. Siku chache baadaye yuko nyumbani anafungua dirisha kubwa, chuma kikakatika ndani ya mkono. Kilishachoka kwa yale aliyokifanyia, dirisha likamalizia tu. Agosti akapasuliwa mara ya pili. Mfupa ukagoma kuunga, Desemba akapasuliwa mara ya tatu, saa nane mezani, wakamchukulia mfupa wa nyonga kupandikiza na wakakuta kuna maambukizi. Msimu wote wa 2020 ukapita hajapata hata pointi moja.

Mdogo wangu, elewa chuma kinafanya kazi gani, maana mimi mwenyewe daktari ndiye alinieleza kwa kunionyesha kwenye picha ya eksirei. Chuma hakibebi mkono wako, kinashikilia vipande visicheze wakati mfupa unaota katikati. Mfupa ukiota, mzigo unahamia kwenye mfupa. Usipoota, mzigo wote unabaki kwenye chuma na skrubu, na chuma chochote ukikikunja kunja kila siku kitakatika. Pia kuna neva inauzungukia mfupa huo kwa nyuma, ndiyo inayokufanya uinue kiganja na kunyoosha vidole. Mimi wiki za mwanzo nilikuwa nikiinua mkono kiganja kinaning'inia, kidole gumba hakinyanyuki, nikitaka kushika kikombe naanza kukipanga kiganja kwa mkono wa kushoto. Ilirudi taratibu sana, kwa mazoezi ya kupandisha vidole ukutani na kunyanyua chupa ya maji. Na mkono wa kulia ndio unaovuta mafuta na kushika breki ya mbele, daladala ikisimama ghafla mbele yako uzito wako na wa abiria wote unakuja kwenye mikono hiyo. Ukiwa unaendesha unafikiri kiganja kinatosha, siku ya breki ya ghafla ndio utajua bega lipo au halipo.

Turudi kwa Marquez. Akarudi Aprili 2021 Portimão, Ureno, akamaliza wa saba, akawa analia kule gereji. Juni akashinda Sachsenring, Ujerumani, siku 581 tangu ushindi wake wa mwisho, na watu wakasema kapona. Tazameni uwanja wenyewe, kona 13 na 10 kati ya hizo zinapinda kushoto, mkono wa kulia haubebi sana. Kona za kulia ndizo zilikuwa zinamuumbua, alipokuwa anaanguka zamani akajiokoa kwa kiwiko sasa mkono haukai sehemu yake, kumbe mfupa uliunga ukiwa umejizungusha. Juni 2022 akaenda hospitali ya Mayo Clinic, Minnesota, Marekani, upasuaji wa nne, wakaukata tena mfupa wakauzungusha zaidi ya nyuzi 30 ukae sawa. Hapo katikati macho nayo yalishamletea shida ya kuona vitu viwili viwili, ugonjwa wa tangu 2011 alipoanguka Malaysia, ukamrudia baada ya kuanguka mazoezini 2021 na tena Indonesia 2022. 2023 Sachsenring, uwanja wake ule ule, akaanguka mara tano wikiendi moja, Jumapili hakushindana.

Kwangu mimi ukubwa wake uko hapa, sio kwenye ile Jumamosi ya Jerez. Alikuwa na mkataba mnono Honda mpaka mwisho wa 2024, akaomba kuuvunja mwaka mmoja kabla, akaenda Gresini, timu binafsi aliyokuwa anakaa mdogo wake Alex, kupanda pikipiki ya Ducati ya mwaka uliopita. Bingwa mara nane anakwenda kujipima upya kama bado anaweza! 2024 waliokuwa na Ducati ile ya zamani walikuwa wanne, aliyeshinda mbio ya Jumapili ni yeye peke yake, mara tatu, ya kwanza Aragón baada ya siku 1,043 bila ushindi. Nilimwangalia siku ile nikasimama sebuleni nikapiga makofi, mke wangu akadhani Simba wamefunga. Ducati wakampa pikipiki ya timu yao wenyewe ya kiwanda, 2025 akashinda mbio 11 za Jumapili, na Septemba 28 pale Motegi, Japani, akamaliza wa pili nyuma ya mwenzake wa timu Bagnaia na ubingwa ukawa wake, wa saba MotoGP, wa tisa jumla, mbio tano zikiwa bado. Na nyuma yake kwenye msimamo wa mwisho akakaa Alex, ndugu wawili wa tumbo moja kwanza na pili, haijawahi kutokea.

Hesabu sasa. Kutoka ubingwa wa 2019 mpaka wa 2025 ni miaka sita, ana madaktari bora wa dunia, ana hela, ana mtu wa mazoezi nyumbani. Wewe ukikatikiwa na chuma, upasuaji wa pili utaulipa na nini?

Na wiki moja tu baada ya Motegi, Indonesia, aligongwa akaumia bega la kulia. Safari hii mbio zote zilizobaki hakupanda, akakaa akatibiwa.

Kwa hiyo usirudi wiki ijayo. Nenda kliniki upige eksirei nyingine, mwambie daktari akuonyeshe kama mfupa umeanza kuota pale ulipokatika, na muulize kuhusu kidole gumba kama hakinyanyuki. Kuhusu hesabu, ongea na bosi wako mapema umpe deiwaka mwenye leseni aendeshe kwa muda, mgawane kidogo kinachopatikana. Mimi nilifanya hivyo, nikawa nakaa kijiweni nasimamia tu. Kama uko Moro niandikie inbox, kuna kijana namfahamu anaaminika na hana pikipiki sa hivi.