Kama una wiki moja tu Malaysia, ipeleke Perak

Juzi dada mmoja msomaji wangu kanitumia ujumbe, anasema amepata likizo na anataka aje Malaysia na mumewe na watoto, sa kila anayemuuliza anamwambia nenda Kuala Lumpur kapige picha kwenye yale maghorofa pacha, alafu Langkawi, alafu madukani, basi umemaliza nchi. Akaniuliza, "Dada, hivi kweli hakuna pengine?" Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu mpaka nikaona bora niliweke hapa wote msome, maana swali hili nalipata sana, na pia nina jambo langu moyoni ambalo nimelikalia muda.

Pengine papo, na panaitwa Perak. Ni jimbo la kaskazini-magharibi mwa rasi ya Malaysia, lina sultani wake, lina mji wake wa kifalme Kuala Kangsar, na serikali ya jimbo iko Ipoh. Mimi nimesoma chuo huko, wikiendi wenzangu walikuwa wanakimbilia KL, yaani Kuala Lumpur, mimi napanda basi naenda kijijini. Na wala si mbali, treni ya umeme ya ETS inatoka KL Sentral na ndani ya masaa mawili na nusu hivi uko Ipoh, ukiendelea nayo unashuka Kuala Kangsar au Taiping.

Sasa jambo lenyewe. Nilipomaliza chuo niliandaa mpango wa safari ya Perak kwa ajili ya wageni kutoka nyumbani, nikaupeleka kwa wakala mmoja wa utalii, jina naliacha. Akausoma mbele yangu, akacheka, akaniambia wageni wa kwetu wanataka maduka na picha, nani aje Malaysia kuangalia matope na mifupa? Nikaondoka. Baadaye nikaja kuona tangazo lake, mpango ule ule wangu, siku kwa siku, hadi mahali pa kula mchana nilipopachagua mimi, na hakunipa hata asante. Imeniuma, na sitaki kudanganya hapa, bado inauma. Ila mwezi uliopita nimepokea familia kutoka Dar na Unguja, nimewazungusha Perak mwenyewe kwa mpango wangu mwenyewe, na yule mama mtu mzima kuliko wote ndo aliyenishika mkono uwanja wa ndege akaniambia, "Mwanangu, mwakani nakuja na dada zangu." Basi nikajua nilichokuwa nakisema tangu mwanzo kilikuwa kweli, na ndo maana naandika leo nikiwa na uhakika.

Mimi huwa naanzia Taiping. Ni mji wa madini ya bati, na bati ndo lililoleta Wachina kwa maelfu, likaleta vita kati ya makundi yao, likamleta Mwingereza na mkataba wake wa Pangkor mwaka 1874, uliomwingiza kwenye utawala wa Perak. Bustani ya maziwa ya Taiping unayoiona leo ilikuwa mashimo ya machimbo yaliyoachwa, wakayageuza kuwa bustani miaka ya 1880, na ile miti mikubwa imezeeka mpaka matawi yake yamevuka barabara na kuinamia maji. Kaeni hapo asubuhi kabla ya jua kali, na mwamvuli muwe nao, Taiping inanyesha kuliko karibu mji wowote wa rasi.

Kutoka Taiping nendeni Kuala Sepetang. Zamani paliitwa Port Weld, na reli ya kwanza ya Malaya (jina la zamani la rasi hii) ilifunguliwa mwaka 1885 kati ya Taiping na bandari hii, kazi yake kubwa ilikuwa kubeba bati. Reli haipo tena ila mimi siwapeleki watu kwa ajili ya reli, nawapeleka kwa ajili ya mikoko. Msitu wa Matang una kama hekta 40,000 za mikoko na unavunwa kwa mpango tangu mwanzoni mwa karne ya 20, yaani zaidi ya miaka mia wanakata na msitu bado upo. Eneo likishakatwa linapandwa na kuachwa miaka 30 ndo linakatwa tena, katikati hapo, mti ukifika kama miaka 15 na baadaye 20, wanapunguza iliyobanana na ile miti myembamba inauzwa kama nguzo za kujengea. Mtu wa Rufiji au Lamu anayejua boriti nikimweleza hivi ananyamaza kabisa, kwa sababu anajua kwetu mkoko unavyokatwa na nani anayefaidi.

Alafu ingieni kwenye matanuri ya mkaa. Ni majumba ya matofali ya mviringo, marefu kuliko mtu, yamepangwa kwenye banda moja kubwa la giza. Magogo yanamenywa magome, yanasimamishwa wima ndani yamebanana, mlango unazibwa kwa matofali na udongo, na moto unawashwa pale mdomoni tu. Mti hauungui, unaivishwa na joto mpaka maji yote yatoke, na shughuli nzima inachukua karibu mwezi. Yule mzee niliyemzoea pale hana kipimo chochote mkononi, anasogea kwenye tundu la moshi, anaupeleka moshi puani kwa kiganja, anajua imefikia wapi. Siku nyingine nimemkuta anamkatalia kijana wake kuziba mlango, kijana anasema tayari, mzee ananusa na kutikisa kichwa, na hapo kila mtu akakaa chini kusubiri. Mkaa wenyewe mwingi unauzwa Japani. Watoto wa wageni wangu, ambao njia nzima walikuwa kwenye simu, hapo walisimama wanauliza maswali mpaka mimi nikachoka kutafsiri. Usiku tukapanda boti mtoni, vimulimuli kwenye miti wanawaka na kuzima pamoja, na nahodha akazima injini bila kuombwa.

Ushauri wangu hapo ni mmoja, lipeni mwenyeji. Msipite na gari mkapiga picha mlangoni mkaondoka. Mtafuteni mtu wa pale, mlipeni, awaeleze.

Kuala Kangsar ni siku moja lakini iwe nzima. Msikiti wa Ubudiah wenye kuba la dhahabu ni nadhiri ya Sultani Idris aliyekuwa mgonjwa, akasema akipona atajenga msikiti, ujenzi ukaanza 1913, ukachelewa kwa vita vya kwanza vya dunia na pia kwa sababu tembo wawili wa wakubwa walipigana na kukanyaga marumaru zilizoletwa kutoka Italia, ikabidi ziagizwe nyingine. Ukamalizika 1917, Sultani Idris mwenyewe alishafariki mwaka mmoja kabla, na makaburi ya kifalme yako hapo pembeni. Mimi kila nikiingia pale namwombea. Karibu yake kuna Istana Kenangan, jumba la mbao la 1926 lililojengwa bila msumari hata mmoja, kuta zake ni mianzi iliyosukwa kwa rangi nyeupe, njano na nyeusi. Mkikuta ndani pamefungwa msinune, nje panatosha, sogeeni mtazame ule usukaji na mafundi waliokaa kuupatanisha kona kwa kona.

Ng'ambo ya mto ni Sayong wanakofinyanga labu sayong, mtungi mweusi wenye umbo la kibuyu. Mfinyanzi anaung'arisha kwa jiwe laini ukiwa bado haujachomwa, alafu ukitoka motoni ukiwa mwekundu wa moto anaufukia kwenye pumba za mpunga, moshi unaingia kwenye udongo na unatoka mweusi. Maji humo yanapoa kama ya mtungi wa bibi uliokaa pembeni ya mlango. Nunueni kwa aliyefinyanga, na msibishane bei mpaka mtu akajuta kuwafungulia mlango.

Ipoh siielezi sana, kila mtu anaijua, kahawa nyeupe, stesheni ya treni, mahekalu ndani ya mapango ya chokaa. Lala hapo, kula vizuri, endelea.

Lenggong ndo palipomfanya yule wakala acheke kuhusu mifupa. Bonde hili limeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2012. Sehemu moja ya bonde, Kota Tampan, watu walikuwa wanachonga zana za mawe, na juu yake likakutwa jivu la volkano ya Toba ya Sumatra iliyolipuka miaka kama 74,000 iliyopita. Na mwaka 1991 kwenye pango la Gunung Runtuh timu ya Profesa Zuraina Majid ikamkuta Mtu wa Perak, mifupa ya mwanaume aliyezikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, amekunjwa miguu, amezungushiwa konokono na nyama za wanyama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Sa fikirieni, mtu wa msituni, mwenye ulemavu, akaishi mpaka utu uzima na akazikwa kwa heshima kuliko wengi. Kuna waliokuwa wanamlisha, kuna waliokuwa wanamsubiri njiani. Sisi ambao tumekua tunafundishwa Olduvai darasani tukiwa wadogo tuna kila sababu ya kusimama pale na kuelewa, na mama mmoja kwenye kundi langu, mwenye mtoto mlemavu, alisimama pale muda mrefu sana na hakuna aliyemwambia twende.

Hapo ndo nawaambia watu, msikubali mtu akuamulie nini kitakugusa. Tumezoeshwa kuwa safari ni kuonekana umefika. Unakopa tiketi, unavuka bahari, unasimama mbele ya jengo ambalo kila mtu keshalipiga picha, unarudi huna cha kumsimulia mama yako. Acheni. Mna akili, mna macho, mna historia ya kwenu ya kulinganishia, na mtu anayewauzia maduka anawaona hamna. Tulieni sehemu moja. Pandeni treni. Lipeni mwenyeji.

Mwisho ni Royal Belum, hifadhi ya msitu, kaskazini kabisa kuelekea mpaka wa Thailand. Treni haifiki, mnapita Gerik kwa gari, alafu boti kutoka Pulau Banding kwenye ziwa la Temenggor. Hifadhi ina hekta 117,500 na imetangazwa rasmi 2007, aina zote 10 za hondohondo wa Malaysia zipo humo. Chui milia wapo lakini msitegemee, nchi nzima wamebaki chini ya 150 msituni, na mkiona nyayo tu shukuruni. Ua la rafflesia halina majani wala shina, linaishi ndani ya mzabibu mwitu, linachukua miezi kukua na likichanua ni siku chache tu linaoza, kwa hiyo anayewaahidi kwa tarehe anawadanganya. Waongozaji wa jamii ya Orang Asli, wenyeji wa asili wa rasi hii, wanajua liko wapi wiki hiyo, na wanajua sehemu za chumvi ambako tembo wanakuja. Soksi ndefu, ruba ni wengi, na watoto waambieni mapema wasipige kelele.

Kibali cha kuingia Belum kinaombwa kabla na wanataka majina na pasipoti za kila mmoja, kwa hiyo dada yangu uliyeniandikia, nitumie hizo kopi kwanza ndo tuzungumze tiketi za treni, wikiendi na sikukuu za shule za Malaysia viti vinaisha haraka sana.